Nazi ya Nani? Kipindi cha Mwisho cha Sheria ya Kirumi Mjini Tanga

Saa moja na nusu asubuhi, Jumanne. Lucas Ntabaye anafuta ubao wa chumba namba sita kwa kitambaa chenye unyevu. Akimaliza anachora mashamba mawili, uzio katikati, na mnazi mmoja ulioinamia upande wa jirani. Kisha anainamia kikapu chake, anatoa nazi iliyofuliwa, na kuiweka mezani kama mwalimu wa jiografia anavyoweka tufe la dunia.

Chumba kina viti arobaini. Orodha ya mahudhurio ina majina matatu. Saa mbili kasorobo anaingia binti mmoja, amebeba daftari na chupa ya maji.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Time. Wenzio?"

"Mmoja anaumwa. Mwingine amesema kama somo lenyewe linafutwa, haoni kwa nini aamke mapema."

Lucas anaweka alama kwenye jina moja, anafunga orodha, na kuanza kufundisha. Anatumia sauti ile ile ya kufundishia watu arobaini. Inagonga ukuta wa nyuma na kurudi.

Hili ndilo darasa la Misingi ya Sheria ya Kirumi katika chuo kimoja kidogo cha sheria mjini Tanga. Muhula huu ukiisha, somo linaondolewa kwenye mtaala. Lucas ameiandikia bodi ya chuo barua ya kurasa tatu akiomba libaki, hata kwa kipindi kimoja kwa wiki. Majibu yanatarajiwa Ijumaa. Kwa hiyo hiki ninachokitazama kinaweza kuwa kipindi cha mwisho, au kisiwe. Ukimtazama usoni unaona kwamba yeye ameshajua ni kipi.

"Nazi imedondoka kwa jirani," anasema, akiinyanyua ile ya mezani. "Nazi ya nani?"

"Ya mwenye mnazi."

"Ataifuataje? Jirani kafunga geti."

Time Jaku, mwenye umri wa miaka ishirini na miwili, mzaliwa wa Mkinga, anafikiri kidogo. "Si atapiga hodi, mwalimu?"

Lucas anacheka. Ni mara ya kwanza asubuhi hiyo, na kwa siku tano nilizokuwa naye sikumsikia tena akicheka hivyo.

"Warumi nao waliona hodi haitoshi," anasema. "Wakaamua jirani lazima akuache uingie kuokota matunda yako, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Mnazi hawakuujua. Lakini ugomvi wa uani waliujua kama tunavyoujua sisi."

Time hakulichagua somo hili. Alikosea kujaza fomu, akaweka alama kwenye kisanduku cha chini badala ya cha juu, na alipokwenda kurekebisha akakuta dirisha limefungwa. "Nilidhani nitakaa wiki mbili nihame," ananiambia baadaye. "Nikabaki. Masomo mengine wanakupa jibu unakariri. Huyu mzee anakuonyesha watu waligombana wapi mpaka jibu likapatikana."

Kipindi kile kilikuwa na nusu ya pili, lakini haieleweki bila kujua mtu huyu katoka wapi na kafanya nini.

Lucas alizaliwa miaka hamsini na minane iliyopita katika kambi ya wakata mkonge wilayani Muheza. Baba yake alitoka Kigoma kwa mkataba wa miaka miwili, akakata mkonge kwa miaka thelathini, akazikwa huko huko. Padri aliyekuwa akija kambini kila mwezi aliona mtoto anasoma haraka, akampeleka seminari ndogo kule milimani Usambara. Ndiko alikokutana na Kilatini.

"Baba alipimiwa kila kitu," anasema. "Majani yalihesabiwa, matita yalihesabiwa, hata maji ya kambini tulikuwa na zamu. Kilatini kilikuwa kitu cha kwanza nilichokuwa nacho ambacho mnyapara hakuweza kukipima."

Hakuwa padri. Ukimuuliza kwa nini, anamwonyesha kwa kidevu mkewe, Bibiana, aliyeinamia cherehani akishona sare za shule. "Sikufukuzwa. Nilimwona huyu kwenye kwaya." Bibiana hainui kichwa. "Na mpaka leo anasema ni mimi niliyemtazama kwanza," anasema. Wanaishi Mabawa, hapo mjini Tanga, vyumba viwili na ua. Binti yao wa pekee, Precious, ameolewa Handeni.

Baada ya seminari Lucas alifanya kazi ya ukarani kwa wakili mmoja mzee, akajisomesha stashahada ya sheria akiwa na mtoto. Wakili yule ndiye aliyeanzisha chuo. Aliamini kwamba mwanasheria asiyejua sheria zilianzia wapi ni sawa na fundi anayejua kufunga mlango bila kujua nyumba ina vyumba vingapi. Alimpa Lucas somo la Kirumi mwaka 2009. Mwaka huo wanafunzi walikuwa arobaini na mmoja. Mmoja alikaa dirishani.

Wakili mzee alifariki. Wanafunzi wakawa ishirini na watatu, wakawa tisa, sasa watatu. Lucas hajawahi kuajiriwa rasmi. Analipwa kwa kipindi, shilingi elfu kumi na tano, na mchana anashinda kwenye steshenari moja ya mtaa wa Usagara akiwachapia watu barua: za kuomba kazi, za kuomba msamaha kwa mwenye nyumba, za kesi. Pale wanamwita Mrumi. Hapendi, ila anaitika.

Mkuu wa taaluma wa chuo ni Imakulata, mwanamke wa miaka arobaini na kidogo, mpole, mwenye meza safi. Nilikwenda kwake nikiwa nimejiandaa kumchukia. Nilishindwa.

"Mimi ndiye niliyekaa dirishani mwaka ule wa kwanza," anasema. "Mzee Lucas alinifundisha vizuri. Alama niliyopata kwake ilikuwa ya juu kuliko zangu zote. Na katika miaka yangu yote ya kazi sijaitumia hata siku moja."

Anafungua faili na kunionyesha orodha ya masomo mapya: ardhi na fidia, sheria ya mitandao, mafuta na gesi, usuluhishi. "Wazazi wanauza ng'ombe kuleta mtoto hapa. Mtoto akimaliza anaulizwa anajua nini. Aseme anajua watumwa wa Roma waliachiwaje huru? Vipindi ni vile vile, havizai. Nikiingiza hiki, lazima nitoe kile."

Nilimpelekea Lucas maneno hayo kama yalivyo. Hakubisha. Alikuwa anapanga karatasi kwenye mashine ya fotokopi, akaendelea kuzipanga.

"Ana haki," alisema. "Ukiniuliza Sheria ya Kirumi itampa nani kazi Tanga, sina jibu. Mimi somo hili nalifundisha kwa sababu nyingine. Kila kanuni ilizaliwa mahali, kwa ajili ya watu fulani, na ugomvi wao fulani. Mwanafunzi akiona kanuni inazaliwa, inakua, inakufa, hataiogopa wala hataiabudu. Akiikuta kitabuni imeshakuwa nzee, anadhani imetoka mbinguni. Nilidhani hivyo mimi. Ndiyo maana nilimwibia mtu minazi thelathini na sita."

Alisema "nilimwibia". Nilimuuliza kama ndilo neno analolitaka liandikwe. Akasema ndilo.

Ilikuwa mwaka 2011. Mwanamke mmoja mjane, Bi Nasima, mzaliwa wa Pemba anayeishi Bweni, ng'ambo ya mto kutoka Pangani mjini, alikuja Tanga kutafuta mtu wa kumwandikia barua. Mahakamani walimwelekeza Usagara, kwenye steshenari, kwa mzee anayejua sheria. Marehemu mumewe alikuwa amepanda minazi thelathini na sita kwenye shamba la rafiki yake, kwa ruhusa ya rafiki huyo, miaka mingi nyuma. Sasa rafiki amekufa, na warithi wake wanataka shamba. Wamemwita Bi Nasima kwa mazungumzo. Aende akaseme nini?

Kila aliyekulia Pangani anajua jibu. Katika pwani hii mnazi una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe, na mara nyingi si mtu mmoja. Watu wanauza minazi bila kuuza kiwanja. Wanairithisha, wanaiweka rehani, wanaigawa katika talaka. Anayetaka shamba lililo safi anamlipa mwenye minazi kwanza. Warithi wale walimwita mama wa watu ili wapatane bei.

Lakini Lucas hakukulia Pangani. Alikulia kwenye mkonge, ambako kila kilichoota ni cha mwenye shamba, na alikosomea ni kwa Warumi, ambao nao walisema hivyo hivyo: kilichopandwa kikishika mizizi kinaifuata ardhi. Wiki ile ile alikuwa ameifundisha kanuni hiyo darasani. Ilikuwa bado ya moto mdomoni.

"Nikamwambia, mama, minazi si yako tena. Kisheria ni ya wenye ardhi. Kilichobaki ni kuwaomba kwa wema wakufikirie chochote. Alinitazama. Akasema, 'Kwetu sivyo.' Nikamwambia hayo ni mazoea, mama, mimi nakwambia sheria. Nikamchapia barua nzuri sana. Mimi mjane fulani natambua kwamba sina haki yoyote juu ya minazi hiyo. Akaweka dole gumba."

Hakumuuliza hata swali moja kuhusu kwao wanafanyaje. Wala hakujiuliza kama Warumi wenyewe walikuwa na mlango wa kumfidia aliyepanda kwa nia njema. Walikuwa nao. Na sheria ya nchi hii inatambua mila na inatambua maendelezo ya mtu juu ya ardhi. Lucas alikuwa anayajua yote hayo. Siku ile hayakumjia.

Warithi walipoisoma barua, anasema Lucas, aliyesimuliwa baadaye, walipeana wakaisoma tena. Walikuja na fedha mfukoni. Waliondoka nazo.

Mwaka 2013, darasani, ndipo yeye mwenyewe alipojua alichofanya. Alikuwa anakisimulia kisa kile kwa fahari, kama mfano wa kanuni ikifanya kazi pwani yetu. Mwanafunzi mmoja wa Pangani akanyoosha mkono. "Mwalimu, samahani. Kwetu huyo mama angelipwa minazi yake." Darasa zima likaanza kuongea, kila mmoja na babu yake na minazi yake. Lucas alisimama pale na chaki mkononi.

Tangu siku hiyo amelifundisha somo kinyume na alivyofundishwa. Kipindi cha mwisho cha kila muhula anakisimulia kisa hicho bila kujificha, kama kosa lake mwenyewe. Na kila mwaka baada ya mitihani anachukua kilo mbili za sukari, anakwenda Bweni kumwomba radhi Bi Nasima. Bi Nasima anamkaribisha, anampa chai, na akiondoka anampa nazi mbili. Moja anapikia Bibiana. Ya pili inawekwa kabatini mpaka muhula mwingine uanze, halafu inakwenda darasani.

Ndiyo ile iliyokuwa mezani Jumanne.

Na hapo ndipo tunarudi kwenye nusu ya pili ya kipindi. Lucas alimsimulia Time yote hayo, amesimama, kwa dakika ishirini. Alipomaliza, alimuuliza swali ambalo huwauliza wote: ungekuwa wewe pale steshenari, ungeanza na swali gani?

Time alikuwa anaitazama nazi.

"Mwalimu, na hii ni ya nani?"

"Ya Bi Nasima. Si nimekwambia? Ananipa."

"Ameitoa wapi? Minazi si ilichukuliwa?"

Lucas aliishika nazi, akaigeuza, akaiweka. Kwa miaka kumi na miwili amesimama mbele ya watu na nazi mkononi akiuliza ni ya nani, na hakuwahi kuuliza ile aliyoishika ilitoka kwenye mnazi upi. Kengele haikuwa imelia. Alisema, "Tuishie hapo," akaanza kufuta ubao.

Ijumaa saa nne asubuhi Imakulata alimwita ofisini. Niliruhusiwa kukaa. Jibu la bodi lilikuwa nusu ukurasa: inamshukuru kwa utumishi wake, na inasikitika. Chumba namba sita kinakuwa maabara ya kompyuta, projekta inafungwa Jumatatu. Imakulata alisoma kwa sauti ya chini. Alisogeza glasi ya maji upande wa Lucas.

"Mwalimu, nilijaribu," alisema.

"Najua, madamu. Ulikuwa mwanafunzi mzuri." Akasimama. "Kuna vitabu vinne kwenye kabati la nyuma. Ni vya marehemu wakili. Msivitupe kabla sijavifuata."

Nje alikaa kwenye ngazi. Nilidhani ataongea juu ya chuo. Akasema, "Kesho nakwenda Bweni. Sijamaliza mitihani, lakini nakwenda."

Jumamosi tulivuka kwa pantoni saa tatu. Pangani na Bweni zinatazamana, mto ni wa dakika chache. Sukari ilikuwa kilo mbili, kama siku zote.

"Hodi hapa."

"Karibu. Nani?" Bi Nasima alitoka akijifuta mikono kwenye kanga, mwanamke mwembamba aliyepita miaka sabini. "Ah, mwalimu wa Warumi! Karibu mwanangu. Mbona mapema mwaka huu?"

"Shikamoo, Bi Nasima."

"Marahaba. Mkeo hajambo? Kaa basi, ndugu yako naye akae."

Lucas hakukaa. "Mama, nimekuja na swali. Zile nazi unazonipa kila mwaka. Unazitoa wapi?"

Bi Nasima alinitazama mimi kwanza, kana kwamba nimemleta mtu mgonjwa. "Swali gani hilo la mgeni?"

"Naomba uniambie."

"Nanunua. Kwa Suleimani, pale shambani. Si ndo mwenyewe sasa, mtoto wa marehemu mwenye shamba? Mie n'na mnazi gani tena wa kukupa?"

"Tangu lini unanunua?"

"Tangu ulipokuja mara ya kwanza. Ulikuja na sukari. Uondoke mikono mitupu? Kwetu haiwi." Aliona uso wa Lucas, akadhani amemuudhi kwa jambo jingine. "Tena simwachii anipe yoyote. Namwambia anitolee za safu ya pili. Ile ndo aliyoipanda marehemu mume wangu kwa mkono wake mwanzo kabisa, tamu kupita zote."

Lucas aliketi barazani. Amekuwa akimwomba radhi mwanamke huyu kwa miaka kumi na miwili, na kila alipoomba, mwanamke huyu alikwenda kununua kutoka kwa aliyenufaika na kosa lake, ili muomba radhi asiondoke mikono mitupu. Sina namna ya kulipamba hilo. Nilijikuta nimekasirika, na sikujua nimkasirikie nani.

Nilimuuliza Lucas swali lililokuwa linanikera tangu Jumanne: kwa nini, alipojua mwaka 2013, hakumpeleka Bi Nasima kwenye baraza la ardhi? Barua ilikuwa yake. Angeweza kusimama na kusema nilimpotosha.

Alijibu mbele ya Bi Nasima. "Aibu. Chuo kingenifukuza. Pale steshenari nisingepata mteja. Nikasema nitafanya mwakani. Madai ya ardhi yana miaka kumi na miwili, mama, ikipita basi. Warumi nao walikuwa na kanuni ya namna hiyo, aliyekaa na kitu muda mrefu kinakuwa chake. Naifundisha wiki ya tisa. Kila mwaka nimeifundisha wiki ya tisa, na muda wako unakwenda. Uliisha mwaka 2023."

Bi Nasima alisikiliza huku akipima majani ya chai. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Kwa hiyo Warumi wako wasema yamekwisha."

"Wanasema yamekwisha. Na sheria ya hapa pia."

"Na weye wasemaje?"

"Mimi? Nasema minazi ilikuwa yako siku ile ulipoingia steshenari. Ilikuwa yako ulipotoka."

"Basi si uandike? Ile ya kwanza uliiandika vizuri, kila aliyeisoma alielewa." Akaweka sufuria jikoni, akarudi. "Mie minazi nishaizika na mwenyewe. Lakini wajukuu zangu wanasema bibi aligawa mali ya babu yao kwa dole gumba. Uweso, yule mkubwa, kanambia usoni. N'tamjibu nini? Barua ninayo sandukuni, yasema sina haki, na dole langu lipo chini. Nataka nyingine ikae juu ya ile. Nikifa wakifungua, waanze na hiyo."

Lucas alisema ataandika. Alisema karatasi hiyo haitakuwa na nguvu yoyote kisheria. Bi Nasima alisema hakuuliza nguvu.

Tulipoaga, alitoka na nazi mbili ndani ya kikapu cha ukili. Lucas aliinua mikono. "Hapana, mama. Leo hapana." Uso wa bibi ulibadilika kabisa. Katika asubuhi yote ile, hata alipoambiwa muda umepita, hakuonekana kuumia hivyo. Lucas akashusha mikono. Akapokea kwa mikono miwili, akasema ahsante. Kwenye pantoni alikipakata kikapu mapajani mpaka tulipofika ng'ambo.

Jumatano iliyofuata nilimkuta nyumbani Mabawa, mezani, na karatasi. Hana darasa tena. Mtihani wa mwisho ni wiki ijayo, watahiniwa watatu, na baada ya hapo hakuna mtu atakayefundisha somo hili katika mji huu. Nilimuuliza anatumaini nini. Makala za namna hii humalizikia hapo, na yeye ni msomaji wa magazeti, alijua.

"Sitakudanganya," alisema. "Wataendelea kuhitimu. Watakuwa na kompyuta, watakuwa na sheria zote za nchi kwenye simu. Siku moja mjane ataingia ofisini kwa mmoja wao, na atajibiwa haraka na vizuri kama nilivyojibu mimi. Natamani mmoja tu amwambie, ngoja mama, niambie kwanza kwenu mnafanyaje. Mmoja. Zaidi ya hapo sioni."

Mpango wake ni kuipeleka karatasi Bweni kabla ya masika. Ameiandika mara tatu kwa mkono. Ya kwanza ilikuwa ndefu mno. Ya pili ilikuwa na Kilatini, akaichana mwenyewe. Ya tatu alimpa Time aisome, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumpa. Ilianza hivi: "Mimi Lucas Ntabaye, kwa bahati mbaya, nilimshauri Bi Nasima isivyo sahihi."

Time aliirudisha jioni ile ile. Hakurekebisha kitu, ila alipiga mstari chini ya "bahati mbaya", na pembeni, kwa penseli, aliandika: "Bahati ya nani, mwalimu?"

Lucas alinionyesha mstari huo kwa kidole, kisha akavuta karatasi nyingine nyeupe. Bibiana alisimama mlangoni na mbuzi ya kukunia mkononi. Nazi mbili zilikuwa juu ya kabati, hazijaguswa tangu Jumamosi.

"Baba Precious, nivunje moja?"

Alikuwa ameshaandika jina lake na anatafuta neno linalofuata. Bibiana alingoja kidogo, akauliza tena, kisha akaenda kupika mchicha bila nazi.